Tairi Nililokataa Kulifunga

Siku yangu ya kwanza kazini, katika duka la baiskeli la Walthamstow, huku ughaibuni, meneja alinipa ufagio. Nikauegemeza ukutani, nikamwambia nimeajiriwa kama fundi. Fundi Mkuu, Mzanzibari asiyependa maneno mengi, akanisogezea gurudumu lililopinda.

"Haya bibie, tuone."

Nikalinyoosha spoku kwa spoku, kama baba alivyonifundisha Tabora. Hakuna aliyenipa ufagio tena.

Nyinyi mnaoanza ufundi leo mnachagua tairi kwenye simu. Sisi tulimuuliza mteja kwanza anakwenda wapi. Miaka yangu ya mwisho wengi walikwenda kwenye njia za treni za zamani: reli zimeng'olewa, changarawe imemwagwa, na baiskeli hupita humo maili nyingi. Huko tairi liwe pana, likanyage juu ya kokoto badala ya kuzama. Katikati liwe laini ili liteleze mbele, pembeni liwe na kashata, yaani yale meno ya mpira, ili lishike kwenye kona. Ubavu wake uwe mgumu, maana jiwe kali huchana hapo. Na upepo usijazwe mpaka tairi liwe kama chuma, la sivyo mikono ya mwendeshaji itakufa ganzi.

Siku moja alikuja Mama Furaha, Mkongomani anayehudumia wazee majumbani mwao. Yeye na wenzake wawili wa kanisani walikusudia kuendesha siku nne kwenye mojawapo ya njia hizo.

"Mama fundi, ile njia iko na mawe mingi," akasema. "Nitafika?"

"Utafika, tukikuwekea tairi la kufaa."

Meneja akaniita pembeni. Stoo ilijaa matairi membamba ya mashindano, naye alitaka yaondoke.

"Mfungie hayo."

"Yatazama kwenye changarawe. Ataanguka."

"Kazi yako ni kufunga, si kuchagua."

"Ninachofunga kwa mikono yangu nakijibia mimi. Hayo sifungi."

Wiki ileile nikahamishiwa tawi la Thornton Heath, chumba cha nyuma, kuziba pancha. Mama Furaha akanifuata huko. Nikapima nafasi kwenye uma, ule unaoshika gurudumu, nikamfungia matairi yenye upana wa milimita arobaini. Wenzake walikuwa wameshafungiwa yale membamba kule Walthamstow.

Siku ya pili ya safari, penye changarawe iliyolegea, gurudumu la mbele la mwenzake mmoja likazama. Akaanguka, akavunjika mkono.

Meneja akaja mwenyewe na karatasi, nitie sahihi kwamba wateja waliyachagua matairi wenyewe.

"Wewe ni fundi wa siku nyingi. Makao makuu watakuamini."

"Ndiyo maana sitii sahihi."

Nikawaandikia makao makuu nilichosema na nilichoamriwa. Nikapewa onyo la utovu wa nidhamu. Matairi yakaondolewa stoo, meneja akabaki na cheo chake. Fundi Mkuu akanipigia simu. "Umefanya vyema, bibie," akasema, kisha akakata. Yule aliyevunjika mkono alipopona, alikuja Thornton Heath kutaka matairi kama ya Mama Furaha.

Sasa nimestaafu, na asubuhi vidole havikunjiki. Watu huniambia ningenyamaza ningepandishwa cheo. Inawezekana. Lakini sijutii hata siku moja ya chumba kile cha nyuma. Mkubwa akikuamuru ufunge kitu unachojua kitamwangusha mtu, weka spana chini. Akitaka, akifunge mwenyewe.