Sanamu Haina Mikono

Saa moja na nusu asubuhi, pasi ya mkaa tayari ina moto. Mama Pasi, kama wateja wanavyomwita, anachovya kidole kwenye kopo la maji, anagusa chuma. Tsss! Imekubali. Anavuta suruali ya kwanza kati ya nguo arobaini za leo, lakini haanzi na mikunjo. Anaanza na mifuko. Anaigeuza nje ndani mmoja mmoja, kama askari wa getini.

"Unadhani napiga pasi?" anasema bila kuinua macho. "Mimi hapa napeleleza."

Anayepelelezwa, mwenye suruali hiyo, yuko hatua tatu tu, kainamia cherehani, mlango kaupa mgongo. Ni Fundi, mume wake wa miaka kumi na saba. Amesikia kila neno. Anazidisha kukanyaga cherehani.

Juu ya kabati la vitambaa, redio inaimba mapenzi. Juzi Mama Pasi aliamua kuhesabu, kila wimbo alama moja ya chaki pembeni mwa meza. Kuanzia saa mbili hadi saa saba mchana: thelathini na moja. Ishirini na nane mapenzi, na humo kumi na moja za chumbani kabisa, "zile za kuzima redio mkwe akiingia." Mbili za dini. Iliyobaki ilikuwa tangazo la sabuni, na hata hiyo sabuni ilikuwa inambembeleza mtu.

"Hakuna anayeimba jino linauma? Hakuna anayeimba maji yamekatika? Watu wote hao wanapendana muda wote, ndoo wanajaza saa ngapi?"

Zamani lilikuwa swali la kupoteza muda. Likageuka mwiba siku redio ilipoimba hivi:

*Nimekuzunguka kwa futi, futi imekwisha,*
*moyo bado unazunguka.*

Pasi ilibaki hewani. Maneno hayo aliyajua! Wiki tatu nyuma aliyaona kwenye daftari la vipimo la mumewe, kwa penseli ya mumewe. Juu yake kulikuwa na vipimo vya mwanamke: kifua, kiuno, nyonga, mkono. Kila ukurasa wa daftari lile una jina la mteja na namba ya simu. Ule haukuwa na jina wala namba.

"Niliona nikanyamaza," anasema. "Mwizi unamsubiri atoke na mzigo."

Mzigo ukawa umetoka, tena redioni. Fundi akabanwa, akakiri nusu. Kumbe mwaka mzima anamwandikia mashairi mwimbaji wa studio ya jirani, jamaa wa miwani ya jua anayeitwa Sukari. Fundi huyu huyu ambaye nyumbani akishiba husema "haya," basi!

"Na huyu mwenye kiuno ni nani, Baba Watoto?"

"Nilikuwa naangalia sanamu," Fundi alijibu, akaonyesha ile sanamu ya kuvalisha nguo pale pembeni.

Mke hakubisha. Alichukua futi ya kupimia shingoni mwa mumewe, akaipima sanamu. Kifua, kinakaribia. Kiuno, kinakaribia. Nyonga, sawa. Akasoma mstari wa mwisho kwa sauti: "Mkono, sentimita hamsini na sita."

Akaitazama sanamu. Inaishia mabegani.

"Baba Watoto. Sanamu haina mikono."

Mteja aliyekuwa anasubiri vifungo alicheka mpaka akakaa chini.  Mwishowe Fundi akasema: "Ni vyako. Nilipima gauni lako la zamani. Nilitaka kukushonea jipya bila wewe kujua."

Mama Pasi akajipima mkono papo hapo. Hamsini na nne.

"Hizi mbili za nani?"

"Za pasi. Unanyoosha mkono kutwa nzima, nikikata sawasawa mkono wa gauni utapanda."

Hilo Mama Pasi alilikubali. Ni kweli, Fundi hapimi mkono wa mtu kabla ya kumuuliza kazi yake. Mwalimu anaongezewa kwa ajili ya ubao, dereva kwa ajili ya usukani. Lakini kiuno je? Sabini na nne! "Kiuno hicho nilikiaga nilipojifungua wa pili."

Jioni hiyo alifungua sanduku. Gauni la zamani lilikuwepo, limekunjwa vibaya. "Mimi sikunji hivyo. Ni yeye aliyelipima, au kuna mtu aliyelijaribu?"

Sukari alipokuja kupunguza suruali, naye alihojiwa: kwa nini mapenzi tu?

"Shemeji, mimi nilishaimba wimbo wa umeme kukatika," alijitetea. "Ulipigwa mara moja, nadhani mtangazaji alikosea kubonyeza. Mapenzi yanauzwa kwa sababu watu hawana mdomo. Mtu anamtumia mkewe wimbo kwenye simu, ili mimi niseme badala yake. Wangekuwa wanaambiana nyumbani, mimi ningekuwa nabeba zege."

"Kwa hiyo redio nzima imeambiwa," Mama Pasi akamgeukia mumewe, "na mimi niliyepimwa sijaambiwa?"

Fundi alijaribu kupitisha uzi kwenye sindano. Ukakataa mara tatu.

Leo gauni lenyewe limevalishwa sanamu, kitambaa cha zambarau kilichonunuliwa kwa malipo ya wimbo. Mkono mmoja umeshaungwa. Mama Pasi ameujaribu, amenyoosha mpaka mwisho wa meza. Haukupanda hata kidogo. Hakusifu.

Mpango wake ni wa Jumamosi. Atalivaa, redio itazimwa, na Fundi atasema mwenyewe kwa mdomo wake, mistari miwili tu. "Hata vina sidai. Akisema, nimesahau yote. Ila likinibana kiuno, atanitajia mwenye kiuno."

Mara cherehani inanyamaza. Fundi anasafisha koo.

"Mama..."

Mama Pasi ananyoosha mkono, anazima redio. Chumba kizima unasikika mkaa tu ukipasuka. 

"Mkaa... mkaa upo wa kutosha?"

 Mama Pasi anaiwasha redio tena.

"Upo," anasema. "Mpaka Jumamosi upo."