Kabla ya Namba ya Dharura Kufika Modogashe

Enzi zetu pale Modogashe, tuliijua tisa tisa tisa kabla hatujaiona simu. Mwalimu wetu, Mkamba aliyeletwa na serikali, aliichora ubaoni kwa chaki na kulipigisha kelele darasa zima: moto ukiwaka, tisa tisa tisa, mwizi akiingia, tisa tisa tisa. Tukitoka shule tulikimbilia bwawani kufinyanga simu za udongo, tukatoboa matundu kwa vijiti na kuzungusha vidole mpaka udongo ukapasuka. Simu ya kweli ilikuwa moja, ofisini kwa D.O., afisa wa serikali, nayo ilitiwa kufuli ndogo ili makarani wasiongee na wake zao. Ungeungua ukawa majivu ukimngoja mwenye ufunguo.

Sisi tulikuwa na taar. Hiyo ilikuwa redio kubwa ya kuongea na watu wa mbali, inayotumia betri ya lori, dukani kwa Adeer Bare. Hakuwa ami wa mtu pale, lakini mji mzima ulimwita adeer. Duka lilinuka mafuta ya taa, majani ya chai na jasho la watu waliokuja kusikiliza habari za jamaa zao wa Wajir na Mandera. Siri haikuwepo. Posa, ugomvi wa ngamia, mume aliyetoroka, yote tuliyasikia tukiwa juu ya magunia ya sukari, tukilamba vidole.

Lakini akitajwa mgonjwa, mambo yalibadilika pale pale. Adeer Bare alisema mara moja tu, mgonjwa yuko wapi na ana nini, kisha kila redio, ya dukani na ya ndani ya lori, ikanyamaza, kutoka kwetu mpaka Mandera, ili mwenye gari aliye karibu apate kujibu. Aliyesikia na gari analo alikwenda. Kutokwenda ilikuwa aibu ya ukoo. Tukithubutu kukohoa, mama alitufinya mapaja. "Hewa iachwe wazi," alisema. "Kuna mtu anatafutiwa gari." Na gari lilikuja, wallahi. Kaka yangu Dubow alizaliwa ndani ya lori la mbuzi lililoitwa kwa taar.

Siku hizi kila mtu ana simu. Vijana wa mtaa huu wa Iftin ninakoishi, huku mjini, chaji ikiwaishia, utadhani wamefiwa. Na namba ya dharura imebandikwa kila ukuta. Mwaka huu, malishoni nje ya Modogashe, mdogo wetu Sahra alijifungua salama, kisha damu ikakataa kukoma. Dubow akaipiga ile namba. Ilipokelewa haraka, hilo sikatai. Sauti ya msichana wa mjini ikamuuliza, "Mko mtaa gani? Jengo gani liko karibu?"

"Jengo hakuna, dada. Iko kisima tu," Dubow akajibu. Akaambiwa asubiri, atapigiwa.

Basi akasubiri, kama tulivyolelewa. Akaishika simu mkononi na kuwakataza wote kupiga popote, wasije wakaziba njia. Mume wa Sahra alitaka kumpigia binamu yake mwenye pikapu, aliyekuwa Modogashe, si mbali. Dubow akamfokea: "Acha! Tumeshasema, watu wako njiani!" Mimi nilikuwa Iftin, sikuambiwa lolote. Sahra alikata roho kabla ya adhuhuri, simu ikiwa kimya kiganjani mwa kaka yake.

Nilimchukia Dubow, nisiseme uongo. Sikutaka hata kumtazama usoni. Baadaye hasira ilihama. Nani alimwambia kwamba safari hii aliyesikia alikuwa mtu mmoja tu, amekaa mji asioujua Dubow, na madereva wote waliokuwa barabarani hawakusikia chochote? Waliotuletea namba hiyo walikuja na mabango. Hilo hawakulieleza.

Watu wa namba walipiga, lakini, kesho yake. Tulikuwa tumekaa na waliokuja kutupa pole, msichana yule yule akauliza kama mgonjwa bado anahitaji gari.

"Habana, dada," Dubow akasema. "Sisi nazika yeye jana." Halafu akamshukuru kwa kupiga.

Zamani tulimshukuru dereva kwa sababu mgonjwa amerudi nyumbani. Leo kaka yangu anashukuru kwa kukumbukwa tu.