Moto wa Wifi Ngatini

Partiyah hakuwa na kijicho cha nguo wala cha dhahabu. Kilichomkosesha raha ni moto wa wifi yake. Yeye na Ngatini walifuga ng'ombe wa maziwa kwenye miteremko ya mlima wa volkano wa Merapi, upande wa mji wa Boyolali, na wote wawili walipikia gesi ya samadi itokayo shimoni nyuma ya zizi. Lakini moto wa Ngatini ulisimama wima, mkali, ukinguruma. Wa Partiyah ulilala, rangi yake samawati iliyofifia, na upepo kidogo tu uliuzima.

Zamani majiko yao yalikuwa sawa. Kisha fundi wa ushirika wa maziwa akaja kwa Ngatini, akaupitisha mpira wa gesi kwenye dumu la maji ya chokaa. Alieleza kwamba gesi ya samadi imechanganyika na hewa ukaa, ileile inayotoa mapovu kwenye soda. Hiyo haiwaki hata ufanyeje. Kazi yake ni kuunyonya moto joto, na mvuke wa maji ukiingia mpirani hufanya vivyo hivyo. Chokaa ikiinasa hewa ukaa, moto unapata nguvu. Tangu siku hiyo majirani walikuwa wakienda kwa Ngatini kutazama maji yanavyochemka upesi, na Partiyah akiwasikia wakisifu anaumwa na tumbo. Mtu mzima, ana wajukuu, anaumwa na tumbo kwa ajili ya jiko!

Alikuwa na ngao moja tu: jenang, ile halua nzito ya unga wa mchele, tui na sukari ya mnazi, ambayo harusi haiendi bila hiyo. Katika ukoo ule jenang ilipikwa jiko moja, na mama mkwe alipokaribia kufa alimkabidhi mwiko Partiyah, si Ngatini binti yake wa kumzaa. Sasa binti wa Ngatini, Rukmi, alikuwa anaolewa.

"Kwa moto ule wa Ngatini, jenang ya Rukmi itaiva kabla bwana harusi hajanyoa ndevu," mwanamke mmoja alimtania kwenye foleni ya kupimisha maziwa. "Wewe na kibatari chako mtapumzika safari hii."

Partiyah alirudi nyumbani mbio, akamkabili mumewe.

"Baba Wulan, nataka dumu la chokaa."

"La nini? Jiko si linawaka?"

"Linawaka au linakonyeza? Dada yako anataka kuninyang'anya jenang, na wewe umekaa unavuta sigara!"

"Mama Wulan, nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua, isipokuwa wewe."

Mume aliunga dumu la chokaa ili apate amani ndani ya nyumba, akakung'uta na maji yaliyotuama mpirani. Moto ukasimama. Partiyah alicheka peke yake, akauacha mlango wa jikoni wazi ili wapita njia wausikie ukinguruma.

Siku ya mapishi wanawake wa ukoo walijaa jikoni kwake kusaidia kukuna nazi. Ngatini alifika na sukari mikononi. Partiyah hakujiuliza kwa nini mtu anayetaka kumnyang'anya jenang amemletea sukari. Aliona adui amekuja kushuhudia kushindwa kwake, akafungua koki yote.

Jenang ilianza kutokota mapema mno, ikawa inaruka na kuunguza mikono. Angeweza kupunguza koki, lakini apunguze vipi Ngatini akitazama? Alikoroga kwa fujo, akakataa kupokewa mwiko. Ndipo harufu ya kuungua ikapanda, na mwiko ukaibuka na vipande vyeusi.

"Wifi, umeuwekea chokaa?" Ngatini aliuliza, ameshika kichwa.

"Kwani wewe peke yako ndiye mwenye haki ya moto?"

Wakunaji nazi waliinamisha vichwa, wakakuna kwa bidii.

"Moto wangu ni wa kuchemshia maji," Ngatini alisema. "Jenang nimeijaribu kwa siri mara ngapi? Inaungua! Nikipunguza koki, katikati inaungua na pembeni inabaki mbichi. Huu wako ulikuwa mpole, umetandaa, haushiki chini, hata masizi hautoi. Nimelia wivu tangu Mama alipokupa mwiko, Partiyah. Nikiona sufuria zako nyeupe nalia. Na wewe unanionea wivu dumu?"

Ngatini aliifunga koki. Aliuchomoa mpira kwenye dumu, akauunga moja kwa moja na jiko, akatuma mtu kwake kuleta unga mwingine waanze upya. "Haya, koroga. Mwanangu anaolewa kesho."

Moto ulilala tena. Partiyah alikoroga mpaka mabega yakauma, na jenang ikaanza kung'aa kama inavyotakiwa. Wanawake walirudia porojo zao. Ngatini naye aliketi akakuna nazi, anacheka na wenzake, kana kwamba kuutoa wivu wake mbele ya jiko zima hakukumgharimu kitu. Partiyah alimtazama, na tumbo likamuuma upya, vibaya kuliko siku zote za dumu. Alifungua mdomo aseme na yeye wivu wake. Wakunaji nazi wakainua vichwa kumsikiliza.

"Wifi," alisema, "niongezee tui."