Marehemu Anataka Kuoa

Kwenye dirisha la vifo watu hawasukumani. Kila mtu ni "tangulia wewe, mimi sina haraka". Nyuma ya kioo anakaa karani wanayemwita Mama Buriani. Kazi yake ni kuwaandika waliokufa, na usiombe, ndiye mchangamfu kuliko jengo zima. Wenzake wa vyeti vya kuzaliwa wamenuna kama wanawazaa hao watoto wenyewe.

Ana desturi yake. Kabla hajagusa kompyuta humkalisha mfiwa, humpa maji, kisha humuuliza, "Haya, alikuwaje huyo mtu wetu?" Kwake jina tupu ni debe tupu.

Asubuhi moja akaja mzee seremala, mvi kazichana, shati limenyooka hadi linakata.

"Binti yangu, hivi mimi nimekufa?"

Mama Buriani akampima juu hadi chini. "Kwa ninavyokuona, mzee wangu, bado bado."

"Ofisi ya ndoa wamenikatalia. Naoa kesho! Kijana wa kompyuta kabonyeza-bonyeza, kaniambia, 'Pole babu, wewe ni marehemu.' Mchumba wangu kacheka mpaka kashika ukuta. Mashemeji ndio hawacheki. Wanasema nikishindwa kesho, basi tena."

Mama Buriani akafungua kompyuta. Kweli, kafa tangu mwaka jana, na aliyemwandika ni yeye mwenyewe! Kisha akakumbuka: mzee huyu alikuja analia, kuandikisha kifo cha pacha wake. Vitambulisho vyao walikuwa wakiviweka pochi moja tangu ujana.

"Mzee, ulinipa kadi yako badala ya yake!"

"Na wewe ukaipokea!"

"Picha zenyewe mnafanana kama macho mawili!"

"Acha hizo. Mimi ndiye mzuri."

Akamwambia aweke kidole gumba kwenye mashine. Ikafikiri, ikaandika: MAREHEMU.

"Safi!" Mama Buriani akapiga meza. "Marehemu gani ana kidole cha moto hivi? Hakuna ushahidi kama huo. Bosi akitia sahihi, umefufuka. Ila kifo hiki lazima nikihamishie kwa ndugu yako. Kwenye vitabu bado yu hai."

Mzee akaikunja kofia yake, akaikunjua.

"Yaani nikifufuka mimi, anakufa yeye?"

"Keshakufa, baba. Ni kwenye vitabu tu amechelewa."

Mzee akatabasamu taratibu. "Huyo ndiye yeye. Alichelewa kila mahali. Hata kuzaliwa, alinitanguliza mimi nikaangalie kwanza kama kuna usalama."

Mama Buriani akacheka hadi machozi, na mengine hayakuwa ya kicheko. Akamsogezea maji. Mzee akanywa, akashika kalamu, akatia sahihi, na bosi akatia yake. Saa sita mchana alitoka pale akiwa mzima kisheria, mwendo kama kijana.

Kesho yake Mama Buriani alikuwa mstari wa mbele ofisi ya ndoa, kajipamba. Kando ya bwana harusi kiliachwa kiti kimoja wazi, cha yule mchelewaji. Kijana wa kompyuta akaandika jina. Chumba kizima kikabana pumzi, mashemeji wakanyoosha shingo.

"Yupo hai," kijana akasema.

"Basi mpeni kalamu upesi," bibi harusi akadakia, "kabla hamjamuua tena!"