Mkataba wa Kompyuta za Zahanati

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya afya Kibiti, Mratibu wa afya, mkubwa wangu, hakunionyesha hata pa kukaa. Alinikabidhi mkataba mnene, akasema, "Bi Zuhura, wewe ndiye uliyesomea ununuzi. Usome huu, kesho kutwa wenyewe wanakuja."

Ilikuwa miaka ya soko huria. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilitaka kuweka kompyuta za umeme wa jua katika zahanati zetu, ili kumbukumbu za wagonjwa na chanjo zihame kutoka kwenye rejesta, yale madaftari makubwa, ziingie kwenye mashine. Niliusoma nikizunguka chumbani, kutulia sikuweza. Kifungu kimoja kilisema taarifa zote ni mali ya kampuni.

Mwanasheria wao alikuwa mpole. Nilipotaka kifungu hicho kitoke, alitabasamu.

"Dada, hicho ni cha kawaida."

"Mkataba ukiisha, mtoto aliyechanjwa zahanati ya Salale nitamjuaje?"

"Mtanunua taarifa kwetu."

Mratibu alinikanyaga mguu chini ya meza. Sikunyamaza. Tulivutana siku mbili, hadi mwanasheria akakubali taarifa ziwe zetu. Naye akadai lake: mashine ikiharibika, muda wa matengenezo uwe siku thelathini badala ya saba, maana Salale haifikiki ila kwa boti. Nilikuwa nimechoka, na raha ya kushinda ilishanilevya. Nikakubali.

Mashine ya Salale ilizimika surua ikiwa imeingia. Muuguzi Mwanaidi alikuwa ameshaacha rejesta, kama tulivyomwagiza. Kila asubuhi nilipiga simu Dar es Salaam.

"Mama, bado tuko ndani ya mkataba," walijibu.

Nikapanda boti Nyamisati, nikaenda mwenyewe. Tulipita nyumba kwa nyumba, tukiwauliza kina mama nani amechanjwa, tukiandika upya. Nyumba ya tatu walikuwa wametoka kuzika mtoto.

Njiani Mwanaidi akaniuliza, "Dada, hizo siku thelathini nani alizikubali?"

"Mimi."

Tukaingia nyumba ya nne.

Baadaye kampuni ilifungwa, taarifa zikabaki kwetu. Nilipostaafu, wakubwa walinisifu kwa hilo. Sasa nipo Mtunda, nina mikorosho yangu. Vijana wa ununuzi huja kuniuliza nilishindaje. Nawaambia wasome mara mbili kile wanachokiachia. Wakiondoka nashika jembe, napalilia kidogo, naliacha, nazunguka shamba. Yule mtoto hata jina lake silijui. Sikuuliza siku ile, na sasa naona haya kwenda kuuliza.