Damu Niliyomficha Nesi

Mwanangu, kila nikiigusa pua hii naikumbuka siku moja ya ujinga wangu, nami sioni haya kukusimulia. Haya zote nilizimaliza siku ile ile.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, mkulima wa mikorosho huku Mikindani, na nyama ilikuwa imeota puani hata nikawa nalala mdomo wazi. Nikaenda hospitali mjini Mtwara kupasuliwa. Siku moja kabla, nesi, mama mmoja mpole wa kutoka bara, akaniuliza, "Umewahi kuumia ukatoka damu nyingi, ikachelewa kukoma?"

Niliwahi. Jandoni nilitoka damu siku mbili, ngariba mwenyewe akaingiwa na hofu. Lakini sisi tumefundwa kwamba ya jandoni hayasemwi mbele ya mwanamke. Nikajibu, tena kwa majivuno, "Hapana, Sista."

Walipoanza kukata, damu ikafurika hata daktari asione anapokata. Wakaacha kazi katikati, wakanijaza shashi puani. Nilipozinduka nilimwona mjomba wangu, kaka wa mama, yule aliyenisimamia jandoni. Alikuwa ametolewa damu niongezewe mimi, naye analia. Sikuwahi kumwona akilia. Niliogopa kuliko nilivyokiogopa kisu.

Nesi alipoingia, mjomba akamweleza mbele yangu yote ya damu ya jandoni. Kisha akanigeukia.

"Siri ya jando ni nyimbo na mafunzo, mpwa wangu. Damu yako siyo siri. Ungekufa, mama yako ningen'jibu nini?"

 Mficha maradhi kilio humfichua, na changu kilikuwa kimeshafika mlangoni. Walinipima, wakakuta damu yangu inachelewa kuganda. Miezi kadhaa baadaye walinipa kwanza dawa ya kuisaidia, ndipo wakapasua, nikatoka salama.

Basi mwanangu, ukienda kupasuliwa pua, koo au sikio, sema yote mapema: damu iliyokutoka ulipong'olewa jino, ndugu anayetokwa damu ovyo, aspirini unayomeza kichwa kikiuma, hata mizizi uliyochemshiwa na bibi. Dawa uliyoandikiwa usiiache kwa akili yako, uliza. Daktari hawezi kuizuia damu asiyoambiwa habari zake. Na anayekuuliza akiwa mwanamke, mjibu kama unavyomjibu mama aliyekuzaa. Mwenyezi Mungu akujaalie ulimi mkweli, akurudishe nyumbani ukitembea kwa miguu yako.