Kidonge cha Vendredi

Wajukuu kumi na moja nimelea, lakini munganga akasema tezi ya mu shingo yangu ni mvivu, ndiyo maana nasikia baridi na kusinzia ovyo. Akaniandikia vidonge mu ordonnance, karatasi yake ya dawa: "Koko, utakunywa à jeun."

Jeûne, kufunga? Nani atanifundisha miye jeûne! Kila vendredi, ndiyo ijumaa, banamama wa kanisa tunafunga chakula, tunaombea amani ya inchi yetu. Basi nikameza kidonge kila vendredi, siku zingine nikala pondu yangu bila kidonge.

Kisha nikaanza kukoroma katikati ya wimbo. Mama Dorika, mukubwa wa kwaya, akasema nikilala tena ananitoa. Akanipeleka yeye mwenyewe kwa munganga.

"Koko, dawa unakunywa kweli?"

"Docteur, sijakosa hata vendredi moja!"

"Na siku zingine?"

"Nakula! Nikifunga kila siku, si nitakufa?"

Munganga akaziba mudomo na mukono. "Koko, à jeun ni tumbo tupu tu. Kila asubui, mbele ya chai!"

Mama Dorika akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. "Na weye ulitoa ushuhuda mbele ya kanisa nzima, eti wanganga wameokoka, sasa wanaandika jeûne mu ordonnance!"